Haikufa, Iliuawa

Kwetu Rumonge kila kitu hufa. Redio hufa, kandambili hufa, injini ya boti hufa katikati ya ziwa, na mtandao hufa na kufufuka mara kadhaa kabla ya chakula cha mchana. Neno ni moja na linatutosha. Ukimwambia fundi "imekufa", haulizi zaidi, anachukua bisibisi. Mimi nimefanya kazi na kompyuta tangu ujana wangu mpaka mwaka huu nilipostaafu, na nikitazama nyuma naona sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa kupigana na neno hilo moja. Nawaandikia ninyi mnaobaki kwa sababu bado lipo mezani kwenu.

Nilianza Bujumbura, katika ofisi iliyokuwa na chumba kimoja chenye kompyuta na baridi. Nadhani watu waliiheshimu baridi kuliko kompyuta. Siku ya kwanza nilitetemeka mpaka jioni, kwa hiyo siku ya pili nilivaa sweta. Mama yangu, aliyekulia kwenye michikichi ya Kizuka, aliponiona natoka na sweta chini ya jua la Bujumbura aliniuliza kama malaria imenirudia. Nikamweleza kwamba kompyuta haipendi joto. Akasema basi imekuja nchi isiyo yake.

Mkuu wangu wa kwanza alikuwa Injeniya Bisimwa, Mkongomani wa Uvira, mtu mrefu na mpole ambaye hakuwahi kumaliza kikombe chake cha chai. Alikuwa amesoma Ulaya na hakupenda kukumbushwa. Wiki yangu ya kwanza nilimkimbilia nikasema printa imekufa. Hakuinua kichwa.

"Unasema imekufa," alinijibu. "Bon. Ilikufa yenyewe, ao iliuliwa, ao iko inalala tu?"

Nikasema sijui, haitoi karatasi.

"Basi haujaniambia kitu bado. Mwenye kusema 'imekufa' iko anasema tu kwamba yeye mwenyewe amechoka."

Nilirudi nikiwa nimenuna. Nikafungua printa, nikasafisha, nikaifunga, nikaifungua tena. Baadaye kabisa nikafuata waya wake mpaka ukutani na kukuta mama wa chai ameuchomoa, akachomeka birika lake. Nilipomwambia Bisimwa, alifurahi mno, utadhani nimegundua dawa. "Njo vile! Haikukufa. Iliuliwa." Tangu siku hiyo, kila kifaa kilichogoma tulikiuliza maswali yale matatu, na birika likapata soketi yake.

Jambo la pili alilonifundisha Bisimwa ni kuzipa mashine majina. Namba husahaulika na kwenye simu husikika vibaya, alisema, lakini hakuna anayesahau kwao. Kwa hiyo mashine zetu ziliitwa kwa majina ya mahali. Aliyeiwasha ndiye aliyeibatiza. Kulikuwa na Kabezi, iliyokuwa nyepesi, na Kizuka, iliyokuwa ya kwangu na iliyosumbua kuliko zote, nami sikukubali kubadilisha jina. Bisimwa alipostaafu na kurudi kwao, desturi ilibaki. Tafadhali lishikeni jambo hili, tutalirudia.

Miaka ya katikati naipita haraka. Kompyuta zilipungua ukubwa, baridi ikazimwa, sweta nikampa shemeji. Mwishoni kampuni yetu, ambayo ni ndogo na haina haja ya kutajwa, ilipata kazi ya kujaribu programu za mteja mmoja wa ng'ambo. Kijana wetu Innocent na wenzake walibaki ofisi ya Bujumbura chini ya Madame Spès, mkurugenzi wetu. Mimi niliomba kurudi Rumonge, na wakanipa chumba juu ya duka la vitambaa, karibu na soko, mahali ambapo harufu ya mawese huingia dirishani hata ukifunga. Nilifurahi kama mtoto. Nikamwambia mke wangu hii ndiyo ofisi ya mwisho, na safari hii sikumdanganya.

Mteja wetu alitengeneza mashine za ndani. Kwa wasiojua: mashine ya ndani ni kompyuta isiyo na chuma. Ni programu inayojifanya kompyuta nzima, na ukiwasha kitu ndani yake, kitu hicho hakijui kwamba kimo ndani ya kompyuta nyingine. Seva moja kubwa inaweza kubeba nyingi kwa pamoja. Kazi yetu ilikuwa kuandika programu ya majaribio inayoiwasha mashine ya ndani, kuipa kazi, kuiuliza maswali na kuizima. Mteja anapobadilisha kitu, majaribio yanaonyesha kama ameharibu kingine. Seva zilikuwa za mteja, huko huko kwake. Sisi wote, wa Rumonge na wa Bujumbura, tuliziingia kwa jina moja la mtumiaji, kwani kuomba la pili kulihitaji subira ambayo hakuna aliyekuwa nayo.

Sasa, mashine ya ndani ilipokaa kimya, programu ya majaribio iliandika neno moja, MORT, yaani imekufa, kwa Kifaransa na kwa herufi kubwa. Kisha ikafanya usafi. Ikafuta kila kitu ambacho marehemu alikuwa ameandika, ikaendelea na jaribio lililofuata. Hapa kwetu mtu akifariki watu hukaa kwenye ikiriyo, yaani matanga, na kila anayefika kutoa pole huelezwa upya: aliugua tangu lini, nani alikuwa naye, alisema nini mwishoni. Hata jirani aliyechelewa huelezwa. Programu ile haikujua adabu hiyo. Niliikuta hivyo, nilinung'unika, na kwa kuwa mashine zilikufa mara chache, watu wakaniambia muzee acha manung'uniko.

Hapo ndipo aliponijia Zuhura. Ni binti wa duka lile la vitambaa la chini, familia ya Kiislamu yenye asili ya Oman, wafanyabiashara tangu enzi za mababu. Alikuwa amesoma informatique, yaani mambo ya kompyuta, huko Bujumbura, akarudi na diploma yake, na baba yake Mzee Nassor alimkubalia kupanda ngazi na kufanya kazi kwangu kwa sharti moja: akishindwa, atashuka ngazi zile zile na kukaa dukani. Alilitamka kwa mzaha, lakini kiti chake pale nyuma ya vitenge hakikuondolewa. Zuhura alikiona kila asubuhi akipita.

Alikuwa hodari, naandika bila kumpamba. Nilimpa sehemu ngumu, ile inayogawa kumbukumbu za kompyuta kwa mashine za ndani, akaiandika upya ikawa safi. Mashine yake aliibatiza Bugarama, kwao mama yake, huko mashambani kusini mwetu. Na mara tu kazi yake mpya ilipoanza kutumika, Bugarama ikaanza kufa. Haikufa kila mara. Jumatatu ingekuwa nzima, Jumanne MORT asubuhi na MORT mchana, Jumatano nzima. Ugonjwa wa namna hiyo ndio mbaya, maana ukimwita daktari mgonjwa anacheka.

Mteja kwanza alisema ni umeme wa kwetu. Hilo husemwa kila mara na sikulipinga kwa hasira. Nilimkumbusha tu kwamba seva ziko kwake, na umeme wake ni juu yake. Kwa hiyo akasema ni mtu wetu. Madame Spès akanipigia.

"Muzee Gaspard, bwakeye. Ule client iko analalamika sana. Anasema mashini zilianza kufa siku ile Zuhura alibadirisha mémoire."

"Ni kweli zilianza siku hiyo, Madame."

"Bon. Mimi sina kitu juu ya huyu mutoto. Lakini kama mwisho wa wiki haujaniambia shida iko wapi, nitamutoa. Contrat yote iko inatikisika."

Nilimweleza Zuhura kama nilivyoambiwa, sikupunguza kitu. Hakulia. Alifungua mistari yake na kuisoma, akaisoma tena, mpaka ikawa haina maana, kama neno unalolirudia sana mdomoni. Jioni alisema, "Muzee, labda ni mimi. Sioni kosa, lakini labda ndiyo sababu ni langu."

Iliniuma. Nilikwisha kuona vijana wakikubali kosa ili tu maswali yaishe. Nikamwambia, "Hatusomi tena mistari yako. Kesho tunaandika ikiriyo."

Alinitazama akidhani uzee umenipata.

Wadogo zangu, hapa nitaingia kidogo kwenye ufundi. Programu yoyote inapokoma, kompyuta iliyoibeba hujua imekoma vipi. Kama imejifunga yenyewe, huacha namba. Kama imekatwa, huacha ishara iliyoikata. Ishara ya sita ina maana programu iliona jambo lisilowezekana ikajikatia tamaa. Ya kumi na moja, iligusa kumbukumbu isiyo yake. Ya tisa, iliuawa na mwingine, na hapo hakuna kujitetea wala kuaga. Habari hizi hazifichwi, anayeuliza hujibiwa. Programu yetu ya majaribio ilikuwa inajibiwa kila mara, na kila mara ilitupa jibu na kuandika MORT.

Kwa hiyo tulifanya mambo ya kawaida kabisa. Tulizuia usafi usifute kitu mpaka taarifa imetolewa. Tuliifanya programu iseme mashine iliwashwaje, ilisema nini mwishoni, na ilikoma kwa namba gani au ishara gani. Halafu tukagombana juu ya maneno. Nilitaka Kiswahili, kwa sababu Kifaransa cha MORT kilikuwa kimeshatuonyesha uwezo wake. Tukakubaliana juu ya manne: imezima, yaani imejifunga kwa utaratibu; imeanguka, yaani kosa ni lake; imeganda, yaani iko hai lakini haijibu; na la nne mimi niliandika "imeuliwa", kama Bisimwa. Zuhura, aliyepigwa viboko vya sarufi na shangazi yake wa Kigoma, aliligeuza likawa "imeuawa". Nikamwachia. Mtu anayengoja kufukuzwa kazi na bado anasahihisha sarufi ni mtu wa kubaki naye.

Lakini alipofika kwenye kuiwasha, mkono ulisita juu ya kibodi.

"Na kama itaandika ishara ya kumi na moja?" aliuliza. "Hiyo ni kumbukumbu. Hiyo itakuwa mimi kabisa, na Madame ataisoma sawa na sisi."

"Itakuwa wewe," nilimjibu. "Na tutajua ni wewe mahali gani. Sasa hivi ni wewe kila mahali."

Akabonyeza. Siku nzima Bugarama haikufa. Niliilaani kimoyomoyo, nikimwona Zuhura akishuka ngazi bila kukitazama kile kiti. Siku iliyofuata, kabla chai haijapoa, kioo cha kompyuta kikaandika:

bugarama: imeuawa. Ishara ya tisa.

Chini yake yalikuwepo maneno yake ya mwisho, na maneno hayo yalikuwa ya mashine yenye afya njema: ilikuwa katikati ya hesabu, haikulalamika, haikuonya. Zuhura aliweka kiganja mdomoni. "Haikuanguka," alisema. "Muzee, haikuanguka!" Nilimwambia asishangilie, kwani sasa tulikuwa na maiti na hatukuwa na muuaji.

Tulianza na mtuhumiwa wa kawaida. Seva ikiishiwa kumbukumbu huua programu kubwa ili ipumue, lakini ikifanya hivyo huandika, na haikuwa imeandika lolote. Nafasi ilikuwepo tele. Zuhura ndiye aliyesema kwamba katika seva ile kuna mwingine mmoja tu anayeua kila siku, naye ni sisi. Mwisho wa kila jaribio, programu yetu iliziua mashine zilizosalia kabla ya kufagia. Ilifanya hivyo kimya kimya. Tukaongeza mstari mmoja: kabla ya kuua, sema nani anaua na anamuua nani. Kisha tukangoja.

Mchana Bugarama ikauawa tena, na safari hii muuaji alijitaja. Ulikuwa ni usafi wa jaribio la Innocent. Nawaomba msicheke jina, si yeye aliyejipa. Nikampigia simu Bujumbura, Zuhura akisikiliza kando.

"Amahoro, Innocent. Jaribio lako limemaliza sasa hivi?"

"Ego, Muzee. Limepita vizuri. Nimefunga Bugarama yangu, haiko kitu ingine."

"Bugarama gani?"

"Bugarama si Bugarama, Muzee? Kule juu mulimani, kwenye makabeji. Mama mukwe wangu iko anauzisha pale barabarani."

Zuhura akaichukua simu mkononi mwangu, na adabu yote aliyofundishwa ikabaki mezani.

"Bugarama iko huku kwetu, Innocent! Huku chini! Kwao mama yangu!"

"Dada, kila mutu anajua Bugarama. Basi zote zinasimama pale."

"Basi zikisimama ndiyo nini? Wewe umeniulia mashine wiki nzima!"

Ndivyo ilivyokuwa. Nchi yetu ndogo ina Bugarama ya mlimani, ambayo msafiri wa kwenda bara huijua kwa viazi na kabeji zake, na ina Bugarama ya kwetu, ambayo huijua mwenye shamba huko. Hakuna Mrundi anayeona shida. Ukisema Bugarama, anayekusikiliza hutazama ulipotokea na kuelewa ipi. Programu ya usafi haikutazama mtu alikotokea. Iliambiwa iue kila iitwayo bugarama, na ikatii. Innocent alipomaliza jaribio lake, lililokuwa fupi kuliko la Zuhura, akiwa amekunywa chai na hana ubaya na mtu, aliua yake na ya Zuhura pamoja. Siku ambayo hakuwasha, ya Zuhura iliishi. Na alikuwa amebatiza mashine yake wiki ile ile Zuhura alipomaliza kazi yake ya kumbukumbu, kwa hiyo macho yote yakatazama kumbukumbu. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, nao hawakuwa na seva.

Marekebisho yenyewe yalikuwa madogo hata yanatia aibu kuyasimulia. Kila mashine inayowashwa hupewa namba yake na kompyuta, namba isiyofanana na nyingine. Tukaiagiza programu ya usafi iue kwa namba, na majina yabaki ya kuitana. Bisimwa alisema kweli kwamba namba hazifai kwenye simu. Hakusema hazifai kwa kuua.

Nilimpigia Madame Spès, nikamsomea kioo neno kwa neno. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nirudie pale pa makabeji, na nadhani alikuwa anacheka mbali na simu. Kisha akasema, "Bon. Zuhura abaki. Na ile karatasi ya imeuawa, uitume kwa client vile vile iko, usitafsiri." Niliituma. Mteja alitujibu baada ya siku kadhaa akiuliza kama anaweza kuitumia namna ile ya taarifa kwenye majaribio yake mengine yote. Kuhusu umeme wetu hakugusia tena, nami sikumkumbusha.

Zuhura alikuwa ametoka kwenye ngazi kumpigia baba yake, ingawa baba yake alikuwa dukani chini na angeweza kumwita kwa mdomo tu. Nilimsikia akisema, "Baba, siyo mimi." Akarudia, "Siyo mimi, Baba." Nilijifanya natafuta kitu kwenye droo, kwa sababu machozi yalikuwa yamenifika na sikutaka kuyaeleza. Kesho yake asubuhi nilipopita dukani niliona juu ya kile kiti wamepanga marobota ya vitenge mpaka darini. Mzee Nassor alinisalimia kama kawaida.

Baada ya hapo tulipata matatizo mengi magumu zaidi, lakini hatukupata tena lililotuchezea namna ile. Mashine zilianguka, na tulijua kwa nini. Nyingine ziliganda, tukajua wapi. Kama kuna kitu kimoja ningependa mkichukue kwangu, basi ni hiki: siku mashine yenu inapokoma, msianze kwa kumtafuta aliyeigusa mwisho. Anzeni na kuiuliza imekoma vipi, na kabla hamjaiuliza hakikisheni hamna ufagio mkononi.

Siku yangu ya mwisho ilikuwa ya kawaida. Zuhura sasa ndiye mkuu wa majaribio, Rumonge na Bujumbura pia, na Innocent humwita "chef", yaani mkuu, kwa heshima iliyochanganyika na woga. Palikuwa na soda na sambusa za mama yake Zuhura, Madame Spès alisema machache kwa simu, na mtandao ukafa katikati ya hotuba yake, tukapiga makofi hata hivyo. Ilibaki kufunga jina langu kwenye seva, kwani siku hizi kila mtu ana lake. Nilitaka kulifunga mwenyewe. Zuhura akakataa, akasema kazi ya kufunga ni ya mkuu. Alikaa kwenye kiti changu, akaandika, kisha akanisogezea kioo nikisome. Alikuwa ameupitisha ujumbe kwenye programu yetu ya zamani, kwa maneno yetu yale yale:

gaspard: haikuanguka. Haikuuawa. Imezima yenyewe.

Nilisoma mara mbili. Nikamwambia mtu si "imezima", mtu ni "amezima", na shangazi yake wa Kigoma angemchapa. Akasema anajua. Nikachukua kofia yangu, nikashuka ngazi.